Ua Adimu la Kwetu: Urujuani wa Usambara

Mtu atakaye ua lisilo la kawaida nyumbani kwake mara nyingi hudhani kwamba yampasa kuagiza mbegu kutoka Ulaya. Lakini liko ua moja litunzwalo madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, nalo asili yake ni Afrika ya Mashariki. Ua hilo ni urujuani wa Usambara.

Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliupeleka mmea huo Ujerumani kwa baba yake. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, aliuita Saintpaulia kwa heshima yao. Tangu hapo watunza bustani wamepata aina nyingi, zenye maua ya zambarau, meupe na ya rangi ya waridi.

Lakini katika makao yake ya asili mmea huu ni haba. Huota miambani penye kivuli cha msitu; msitu ukikatwa, jua huukausha. Katika Kenya huonekana mahali pachache, kama vile msitu wa Mbololo huko Taita, na miamba ya Kaloleni katika Kilifi. Basi mtu asiung'oe msituni. Wala hapana haja ya kufanya hivyo, maana jani moja latosha kuanzisha mmea mpya.

Hapa Adungosi, kati ya Malaba na Busia, jua la mchana ni kali, kwa hiyo usiupande uwanjani. Mahali pake ni barazani au karibu na dirisha, penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Fanya hivi:

1. Omba jani moja lenye afya kwa mtu aliye na mmea huo. Likate pamoja na kikonyo chake kwa wembe safi. Kikonyo kiwe na urefu wa sentimita 3 hivi.

2. Toboa kopo dogo chini, ulijaze mchanga wa mtoni uliooshwa na majani yaliyooza, kwa kiasi sawa. Chomeka kikonyo humo, jani libaki juu.

3. Udongo uwe na unyevu, lakini usiwe tope. Baada ya miezi 2 au 3 vichipukizi vitatokea chini ya jani. Vikiisha kupata majani 4 hivi, vitenge, kila kimoja katika kopo lake.

4. Wakati wa kunywesha, weka kopo katika sahani ya maji kwa nusu saa, kisha umwage yaliyosalia. Maji baridi yakimwagika juu ya majani huacha madoa, nayo yakituama huozesha mizizi.

Mmea ukitunzwa vema, huweza kutoa maua kabla ya mwaka kwisha. Ndipo umgawie jirani jani moja, ili naye asiwe na sababu ya kulitafuta msituni.