Mdundo Mwilini: Maisha na Mchango wa Émile Jaques-Dalcroze

Utangulizi

Wengi hudhani kuwa muziki ni kazi ya sikio na vidole pekee. Émile Jaques-Dalcroze, mtunzi, mwalimu na mwandishi wa Uswisi, aliipinga dhana hiyo kwa kalamu na kwa vitendo. Makala haya yanaangazia maisha yake na kutathmini mchango wake.

Maisha yake

Dalcroze alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 6 Julai 1865, wazazi wake wakiwa Waswisi. Alisomea muziki Geneva, Paris na Vienna. Miongoni mwa walimu wake walikuwa Léo Delibes na Anton Bruckner. Mnamo 1886 alifanya kazi katika ukumbi wa maonyesho mjini Algiers, alikokutana na midundo ya Kiarabu isiyofuata vipimo alivyovizoea. Mwaka wa 1892 aliteuliwa kufundisha upatanifu wa sauti katika konsavatori ya Geneva.

Huko alikumbana na jambo la ajabu. Wanafunzi waliandika kanuni za sauti kwa usahihi, ilhali hawakuzisikia akilini. Wengine walikuwa na vidole vyepesi, lakini mapigo yao yalienda upogo. Hata hivyo, wanafunzi hao hao walitembea kwa hatua zilizolingana. Alihitimisha kuwa kasoro haikuwa sikioni tu, bali katika uhusiano wa akili, neva na misuli.

Nadharia yake

Kutokana na hayo alibuni yurithimiki. Mwalimu hupiga piano kwa kubuni papo hapo. Wanafunzi hutembea kwa kufuata urefu wa noti, huku mikono ikionyesha vipimo. Ishara ikitolewa, hubadili mwendo mara moja. Lengo si dansi ya kutazamwa, bali kuifunza akili kuuamuru mwili, na mwili kuiarifu akili. Sambamba na mazoezi hayo kuna mafunzo ya sikio na ya ubunaji wa papo hapo. Insha zake za kuanzia 1898 zilikusanywa katika kitabu *Le Rythme, la musique et l'éducation* (1920).

Mtihani wa 1914

Chuo chake kilistawi Hellerau, karibu na Dresden, Ujerumani, ambako alishirikiana na Adolphe Appia katika maonyesho ya 1912 na 1913. Marie Rambert na Mary Wigman, waliovuma baadaye katika dansi, walipitia huko. Mnamo Septemba 1914 kanisa kuu la Reims, Ufaransa, lilishambuliwa kwa mizinga ya Wajerumani. Dalcroze alitia saini tamko la kulaani kitendo hicho. Alishutumiwa vikali Ujerumani, na Hellerau ikampotea. Mwaka wa 1915 alianza upya Geneva kwa kufungua taasisi yake, na akafundisha mjini humo hadi uzeeni. Alifariki tarehe 1 Julai 1950.

Hitimisho

Yamkini maelezo yake kuhusu neva yalitegemea zaidi macho ya mwalimu kuliko vipimo vya maabara. Aidha, mbinu yake humhitaji mwalimu hodari wa kubuni muziki, naye si rahisi kumpata. Pamoja na hayo, hoja yake ya msingi ina uzito: kanuni hufundishwa vyema baada ya kuhisiwa. Mwanafunzi wa arudhi anayehesabu mizani kwa vidole bila kuusikia mshororo ana la kujifunza hapa.

Swali la mjadala: Je, mizani ifundishwe kwanza kwa hesabu au kwa mapigo?