Mbwa Aliyezaa Mtoto Mmoja: Mwongozo kwa Mfugaji

Mbwa tuliozoea huzaa watoto wanne, sita, hata zaidi. Mara mojamoja huzaliwa mmoja tu, hasa kwa mbwa anayezaa kwa mara ya kwanza, aliyekwisha kuzeeka, au wa umbo dogo. Mfugaji huona amepunguziwa mzigo: mdomo mmoja na maziwa tele. Lakini mtoto huyo amekosa ndugu, na ndugu wana kazi. Humpa joto, humnyang'anya chuchu, humfundisha kucheza bila kuumiza. Kijitabu hiki kinaeleza mama anavyomlea, wapi umwachie afanye mwenyewe, na wapi uingize mkono wako.

Kabla hajazaa

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Watoto tumboni wanapokomaa, miili yao hutoa homoni zinazochochea uchungu wa mama. Akiwa mmoja, kichocheo hicho huweza kuwa hafifu. Siku zinapita, naye anazidi kukua hadi anakuwa mkubwa kuliko njia. Ndiyo maana mbwa mwenye mimba ya mtoto mmoja yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuhitaji upasuaji.

Andika tarehe aliyopandwa. Zikipita siku 65 bila dalili yoyote, mpeleke kwa daktari wa mifugo akapimwe. Akisukuma kwa nguvu kwa nusu saa na mtoto haonekani, au ukitoka uchafu wa rangi ya kijani kabla ya mtoto, usingoje kupambazuke.

Siku za kwanza

Mama hupasua mfuko kwa meno, hukata kitovu, hula kondo la nyuma, kisha humlamba mtoto kwa nguvu hadi alie. Ulimi ule humkausha na kuamsha pumzi. Baadaye utamwona akimgeuza chali kwa pua na kumlamba tumbo hadi chini ya mkia. Mtoto mchanga hawezi kukojoa wala kupata choo mpaka alambwe hivyo, na mama humeza kinachotoka ili malazi yabaki safi. Hali hii huendelea kwa wiki tatu hivi. Wapo wanaoona kinyaa na kumfukuza mama, nasi tunawasihi waache, kwa sababu mtoto asiyelambwa anaweza kufa.

Hakikisha amenyonya dang'a ndani ya saa chache za kwanza. Kinga iliyomo humwingia kupitia utumbo, na mlango huo hufunga baada ya siku moja hivi.

Jambo linaloua zaidi kimyakimya ni baridi. Mtoto wa mbwa wa siku chache hawezi kujipatia joto, hata kutetemeka hajui. Walio wengi hulala wakirundikana, huyu hana wa kulaliana naye. Mama akitoka kunywa maji, sakafu ya saruji inamnyonya joto lote, na kwa wenzetu wa Njombe au Limuru mwezi wa Julai hali huwa mbaya zaidi. Mtengenezee boksi lenye kuta fupi, tandika magunia makavu, na weka upande mmoja chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa nguo nzito. Upande wa pili uache bila chupa ili akizidiwa na joto ajiburute kwenda huko. Ukimkuta baridi na mnyong'onyevu, mpashe joto taratibu kwanza, halafu ndipo anyonye. Tumbo lililopoa haliwezi kusaga maziwa. Maziwa ya ng'ombe usiyafanye mbadala wa mama: kwake ni mepesi mno, na mara nyingi humharisha.

Mama wengi wa mtoto mmoja hukataa kabisa kutoka bandani siku za mwanzo, kwa hiyo msogezee chakula na maji. Uangalizi ambao ungegawanywa kwa sita humwangukia mmoja, hivyo usishangae akimlamba kutwa. Akianza kumbeba mdomoni kutoka kona hii hadi ile, kuna kinachomsumbua: kelele, unyevu, wageni wanaochungulia, au siafu. Ondoa chanzo, naye atatulia. Akimkimbia mtoto au kumkatalia kunyonya, mpime homa na umkague kiwele kabla ya kusema hana mapenzi. Mara nyingi ana maumivu.

Kiwele

Mbwa ana chuchu nane hadi kumi, na mtoto mmoja hujichagulia mbili tatu anazozipenda. Zisizonyonywa hujaa kwa siku kadhaa, kisha hukauka zenyewe. Tatizo ni pale moja inapopata maambukizi. Kila asubuhi pitisha mkono chini ya tumbo la mama, ziwa baada ya ziwa. Ziwa likiwa gumu, jekundu na la moto, akashtuka ulipoligusa, au maziwa yakatoka na damu au usaha, hiyo ni kazi ya daktari siku hiyohiyo. Kwa kuzuia, msogeze mtoto kwenye chuchu ambazo hazipendi. Usimkamue mama hadi kumaliza, kwani ukifanya hivyo mwili utatengeneza maziwa mengi zaidi.

Chakula nacho kina kipimo. Mbwa anayenyonyesha wanane huweza kuhitaji mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida, ila mwenye mmoja anahitaji nyongeza kidogo tu. Ugali mtupu haumtoshi: changanya na dagaa, matumbo au vichwa vya samaki, na maji yasikauke.

Mtoto naye hunenepa kupita kiasi kwa sababu hakuna wa kumpokonya. Akiwa mzito huku sakafu inateleza, miguu hutawanyika pembeni kama ya kobe na kifua kubaki chini, wakati wenzake wa wiki tatu wameanza kusimama. Tandika kitu cha kushika kucha, kama gunia au kipande cha zulia kuukuu, na umwone daktari mapema. Wakitibiwa wangali wadogo, wengi hupona.

Mama anapoanza kumkemea

Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na 14, meno huchomoza wiki ya tatu, na hapo ndipo mama hubadilika. Ananyonyesha akiwa amesimama, anaondoka mtoto hajashiba, anapanda mahali asipofikiwa. Mtazame mtoto wa wiki tano akiruka na kuuma sikio la mama. Mama anakaza mwili, ananguruma kwa sauti ya chini. Mtoto anarudia. Mama anamfunika pua yote kwa mdomo wake, anambana bila kumtoboa, kisha anageuka na kwenda zake. Mtoto anapiga kelele, analala chali, na akirudi safari hii anauma polepole.

Wafugaji wengi huingilia hapa kwa huruma, wakamfunga mama ili mtoto anyonye. Tafadhali msifanye hivyo. Mtoto huyu hana ndugu wa kumlipa anapouma, mama ndiye mwalimu pekee aliye naye. Mwaka 2017 watafiti waliofuatilia watoto wa mbwa wa kuongoza wasioona katika shirika la The Seeing Eye, Marekani, waliona kwamba waliodekezwa zaidi na mama walielekea kufeli mafunzo ukubwani, na waliolazimika kunyonya kwa mama aliyesimama walielekea kufaulu. Utafiti wa mbwa wa jeshi la Sweden ulitoa picha tofauti: waliotunzwa zaidi walikua wachangamfu kwa watu na vitu, ingawa wakali zaidi pia. Kwa hiyo hatumwambii mtu amtenge mtoto na mama. Tunasema mama aachwe apange mwenyewe lini atoe na lini anyime.

Wewe nawe ushike sehemu ya ndugu. Akiuma mkono wako, acha mchezo papo hapo na mgeuzie mgongo. Usimpige. Kama jirani ana mbwa aliyezaa wakati huohuo na maziwa hayamtoshi, mlete mtoto wake mmoja mwenye afya, msugue na matandiko ya mama huyu, na uwe karibu unapowakutanisha. Mama wengi hupokea, na nyumba zote mbili zinafaidika.

Kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto hujifunza ulimwengu ulivyo: watu, kuku, mbuzi, mlio wa bodaboda. Kumfungia gizani ili awe mkali humfanya mwoga, na mbwa mwoga huuma hata watoto wa nyumbani. Usimwondoe kwa mama kabla ya wiki nane.

Watoto wetu na kichaa cha mbwa

Mama mwenye mtoto mchanga hulinda. Akikodoa macho na kukakamaa, mtoto wa binadamu asisogee hata kama jana alimchezea. Lakini akitokwa na mate mengi, mlio ukabadilika, taya ikalegea, au akashambulia watu mbali na mtoto wake, huo si ulezi tena. Kaeni mbali naye na mwiteni afisa mifugo.

Aliyeumwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbwa anayeonekana mzima afungiwe na achunguzwe kwa siku 10, asiuawe kwa hasira.

Mchanje mama kabla ya kupandwa. Mtoto apewe dawa ya minyoo wiki ya 2, 4, 6 na 8, na chanjo ya parvo kuanzia wiki ya 6 hadi 8. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa akifika miezi mitatu, ila kampeni ya chanjo ikipita kijijini mapema, mpeleke. Viroboto mtoe kwa kitana na maji ya uvuguvugu, umkaushe mara moja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse kabisa, wala isipakwe kwenye tumbo la mama anakonyonya.