Kabla Hujalipa Ada: Hakiki Chuo cha Masafa Ukiwa Juba

Umeona tangazo la digrii ya mtandaoni kwenye kundi la WhatsApp. Ada ni nafuu, na ajenti yuko hapa hapa Juba, anapokea hela kwa m-Gurush. Usilipe bado. Bando ya kawaida na barua pepe chache zitakuonyesha kama chuo hicho kinatambulika.

Anza na swali moja: chuo kimesajiliwa nchi gani? Kwa kawaida ithibati hutolewa au husimamiwa na mamlaka ya nchi chuo kilipo. Ajenti akisema ni chuo "cha kimataifa" na nchi haitaji, achana naye. Akikuonyesha cheti cha kusajili kampuni, mwambie hiyo ni karatasi ya biashara. Haikipi chuo ruhusa ya kutoa digrii.

Sasa itafute mamlaka mwenyewe. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Tanzania ni TCU kwa vyuo vikuu, na NACTVET kwa vyuo vya ufundi na diploma. Chuo cha hapa Sudan Kusini, uliza Wizara ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia.

Andika jina la mamlaka kwenye simu kwa mkono wako. Linki ya ajenti usiiguse. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa na tovuti zisizopungua 370. Nyingi zilijiita vyuo na shule. Nyingine zilijifanya mashirika ya ithibati. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefuata linki ya chuo alithibitishiwa na wauzaji wale wale.

Ukilipata jina la chuo kwenye orodha, lisome herufi kwa herufi. Matapeli hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo vikubwa.

Usiishie hapo, maana wengi hunaswa kwenye hatua inayofuata: kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa na kozi yako isiwe na idhini. NCHE huorodhesha programu moja moja, na idhini ya programu ina muda wake. Mwaka 2023 jambo hili lilizua taharuki Uganda, watu walipoona kozi nyingi za vyuo vinavyojulikana zimeandikwa kuwa muda wake umekwisha. Tafuta kozi yako kwa jina kamili, kisha angalia hali yake leo.

Halafu uliza namna ya ufundishaji. Kozi iliyoidhinishwa kufundishwa darasani huenda haina idhini ya kufundishwa kwa masafa. Iandikie mamlaka barua pepe fupi: "Je, chuo hiki kimeidhinishwa kutoa Shahada ya Uhasibu kwa njia ya masafa? Idhini inaisha lini?" NCHE ya Kampala waandikie kwa Kiingereza. Jibu likija, lichapishe na ulitunze.

Chuo kiko nje ya Afrika Mashariki? India ina UGC, ambayo hutangaza pia orodha ya vyuo vikuu bandia. England ina rejista ya Office for Students. Marekani, tumia orodha ya Wizara ya Elimu au ya baraza la ithibati la CHEA.

Rudi Juba sasa. Nani atakipokea cheti chako? Muulize mwajiri unayemlenga, kisha pita wizarani uulize kama cheti cha chuo hicho, kilichosomwa kwa masafa, kinakubalika. Omba jibu la maandishi. Ni kweli Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini usichukulie kwamba kila cheti cha Nairobi au Kampala kitapokelewa bila maswali.

Uuguzi, sheria na uhandisi vina masharti ya ziada. Huko uliza pia baraza la taaluma la nchi unayotaka kufanyia kazi. Mafunzo ya vitendo hospitalini hayafanyiki kwenye simu.

Uliza mitihani inafanyika wapi na nani anaisimamia. Kama ni Kampala, ingiza nauli ya basi kupitia Nimule kwenye hesabu ya ada. Na kama hakuna mtihani wala kazi ya kusahihishwa, unapewa digrii kwa "uzoefu wa maisha" tu, hapo unauziwa karatasi.

Kila kitu kikikaa sawa, pigia ofisi ya msajili kwa namba uliyoipata kupitia mamlaka, si iliyo kwenye barua ya ajenti. Wasomee namba ya barua yako ya udahili. Wakiithibitisha, lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, na udai risiti siku hiyo hiyo.