Lista ya Babu: Maswali kwa Fundi wa Mitambo

Kisenyi, katikati ya Kampala, vinu vingi vya kusaga unga wa posho siku hizi huzungushwa na mota za umeme. Vijijini bado wapo wanaotegemea Lista, injini ya dizeli ya Mwingereza. Fundi wetu anajibu.

Fundi, babu alituachia Lista. Mbona haifi?

Kwa sababu haina papara. Kampuni ya R. A. Lister ya mji wa Dursley, Uingereza, iliunda aina ya CS izunguke mara 600 tu kwa dakika. Injini nyingi ndogo za Kichina hupita mara 2,000. Lista huwaka mara moja kila mizunguko miwili, hivyo inapiga mipigo 300 kwa dakika, yaani mitano kwa sekunde. Simama kando yake uhesabu kwa sikio. Nazipenda injini hizi: chuma kizito, magurudumu mawili makubwa, na karibu kila kitu unakifungua kwa spana za kawaida.

Asubuhi inagoma kuwaka. Nafanyaje?

Kwanza tazama oili na maji. Kisha kaza kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye kichwa cha silinda. Kinapunguza nafasi ya hewa, hewa inabanwa zaidi na kupata joto la kuwasha dizeli. Inua vali ya moshi kwa wenzo wake, zungusha hendeli, na magurudumu yakishika kasi, achia wenzo. Ikishapata moto na kupewa mzigo mkubwa, kilegeze kigurudumu hicho.

Unapozungusha, tega sikio: nozeli nzima hutoa mlio mkavu, kama mlango unaolia. Usipousikia, dizeli haifiki, na mara nyingi kuna hewa kwenye mpira wa mafuta. Itoe.

Nakusihi jambo moja: kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi nyuma, hendeli inavunja mkono. Wala usimpe mtoto kazi hiyo.

Niliuziwa Lista mpya, kumbe ni ya India. Nimeibiwa?

Ikiwa ulitozwa bei ya Mwingereza, ndiyo. Lakini yenyewe si takataka. Dursley waliacha kuunda CS miaka ya 1980, ila karakana za Rajkot, jimbo la Gujarat, ziliendelea kuiiga, na spea nyingi zinaingiliana.

Tatizo ni usafi. Chuma humiminwa kwenye kalibu za mchanga, na wakati mwingine chembe za mchanga hubaki ndani. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza, fungua kifuniko cha ubavuni, futa kila kona kwa kitambaa cheupe na dizeli, rudia mpaka kitambaa kitoke bila chembe, ndipo umwage oili mpya. Ukipuuza, mchanga huo utakula beringi na kusaga ringi za pistoni kabla hujarudisha pesa yako.

Je, nihamie umeme?

Ukiwa Kisenyi, hamia.

Pipa langu la maji ya kupoza injini linachemka. Ninunue pampu?

Hapana, mama. Maji ya moto hupanda yenyewe kwa bomba la juu, ya baridi hurudi kwa la chini. Kiwango cha maji kikishuka chini ya bomba la juu, mzunguko unakatika. Jaza mpaka mdomo wa bomba hilo uzame kabisa.