Mkutubi Naye ni Mwanafunzi
Somo kwa walimu, wazazi na wote watunzao maktaba za shule

Katika somo la safari hii twataka kuitazama kazi ya mtu ambaye mara nyingi husahauliwa shuleni, yaani mkutubi. Zamani kazi yake ilijulikana: kupokea vitabu, kuvipiga muhuri, kuvipanga rafuni, kuviazimisha na kuvidai. Siku hizi mtoto humjia mezani na swali ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote rafuni, bali limo katika intaneti. Tena yawezekana kwamba mtoto huyo ameuzoea mtandao kuliko mkutubi mwenyewe. Je, mkutubi aseme, “Hayo si kazi yangu”? Akisema hivyo mtoto atakwenda kutafuta peke yake, wala hatakuwa na mtu wa kumsaidia kupambanua kweli na uongo. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu ya somo hili.

1. Mambo 23 ya Charlotte

Mwaka 2006, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina huko Marekani, maktaba ya umma ilikutana na shida hiyo hiyo. Vyombo vipya vya intaneti vilikuwa vimetokea kwa wingi katika muda mfupi, na wafanyakazi wengi hawakuvijua. Bibi Helene Blowers, aliyesimamia mambo ya teknolojia katika maktaba hiyo, hakuwakusanya watu ukumbini wasikilize mhadhara. Alikuwa amesoma makala ya mkutubi Stephen Abram, aliyeorodhesha mambo 43 ambayo mtu aweza kuyajaribu. Kutokana na wazo hilo alitunga orodha yake ya mambo 23, na kila mfanyakazi aliyependa akapewa wiki 9 ayafanye kwa mikono yake mwenyewe, hatua kwa hatua.

Tuyataje machache. Jambo la 2 lilikuwa kutafakari tabia za mtu ajifunzaye maisha yake yote. Jambo la 3 lilikuwa kufungua blogu, yaani daftari la mtandaoni, ambamo angeandika kila alilojifunza. Baadaye alijifunza kuweka na kutafuta picha katika Flickr. Kisha kuagiza habari mpya za tovuti azipendazo zimfikie mahali pamoja, badala ya yeye kuzizungukia moja moja. Jambo la 11 lilikuwa kuorodhesha vitabu vyake katika LibraryThing. La 13 lilihusu del.icio.us, mahali pa kuhifadhi anwani za kurasa nzuri na kuzibandikia maneno ya kuzitambulisha. La 16 lilikuwa kuijua wiki, yaani kurasa ambazo watu wengi huziandika na kuzisahihisha kwa pamoja. La 23, la mwisho, lilikuwa kuandika muhtasari wa safari yote.

2. Busara iliyokuwamo

Hapa yatupasa tusimame kidogo, maana mpango huu ulikuwa na busara tatu.

Kwanza, uliiondoa aibu. Mtu mzima huona haya kuonekana hajui, hasa mbele ya vijana. Kwa hiyo kila mmoja aliruhusiwa kuandika blogu yake kwa jina la kubuni, ajaribu na kukosea bila kuchekwa.

Pili, ulikubali mchezo. Katika zile tabia za mwanafunzi wa maisha, ya mwisho ilikuwa kucheza. Tena aliyemaliza mambo yote alizawadiwa chombo kidogo cha mfukoni cha kusikilizia muziki na mazungumzo. Mtoto hujua kompyuta upesi kwa sababu haogopi kubonyeza. Mtu mzima naye apewe ruhusa hiyo.

Tatu, haukufichwa. Fundisho lote liliachwa wazi ili maktaba nyingine zipate kulinakili na kulirekebisha. Hivyo lilienea upesi katika nchi nyingi, na mwaka 2007 Chama cha Maktaba za Shule cha California kikalitengeneza upya kwa ajili ya wakutubi wa shule na walimu.

3. Shuleni kuna mambo ya pekee

Mkutubi wa shule hajifunzi kwa ajili yake mwenyewe tu. Nyuma yake wapo watoto. Wale wa California walikutana na mambo mawili ambayo mkutubi wa maktaba ya watu wazima hakusumbuka nayo sana.

La kwanza ni vizuizi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 yaziagiza shule zinazopata punguzo la serikali katika gharama za intaneti ziweke vichujio vya kuzuia picha chafu. Lakini shule nyingi huzuia zaidi ya hapo. Basi mkutubi aweza kujifunza chombo nyumbani jioni, na asubuhi shuleni akakuta kimefungwa. Ni lazima awe na maneno ya kumweleza mkuu wa shule: chombo hiki ni cha nini, kina faida gani, kina hatari gani. Asiyekijua hawezi kukitetea, wala hawezi kukikataa kwa haki.

La pili ni umri. Sheria nyingine ya huko, iliyotungwa mwaka 1998, hukataza tovuti kukusanya habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Ndiyo maana vyombo vingi humtaka mtumiaji awe ametimiza miaka hiyo. Mkutubi asimwambie mtoto wa miaka 10 adanganye umri wake ili afungue akaunti. Tukimfundisha udanganyifu pamoja na kompyuta, tumempa nini?

4. Vyombo hupita

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Vile vyombo vya mwaka 2006 viko wapi leo? Kulikuwa na Google Reader, iliyowaletea watu habari za tovuti walizozichagua. Ilifungwa mwezi wa Julai 2013. Wikispaces, ambamo walimu wengi walijenga kurasa za madarasa yao, iliyafunga madarasa hayo mwaka 2018. del.icio.us iliuzwa mara kadhaa, na aliyeinunua mwaka 2017 hakupokea tena anwani mpya. Flickr bado ipo, lakini mwaka 2018 ilitangaza kwamba asiyelipa ataweka picha 1,000 tu. LibraryThing nayo ingali ikifanya kazi.

Mtu aweza kusema, “Basi wale wakutubi walipoteza wakati wao.” Tufikiri vema. Aliyejifunza kubonyeza vitufe vya chombo kimoja tu, kwa kukariri, alibaki mikono mitupu siku kilipofungwa. Lakini aliyejifunza kazi yenyewe hakupoteza kitu. Alijua kupanga habari kwa maneno ya kuzitambulisha, naye akaweza kufanya hivyo kwa chombo kingine. Alijua kwamba ukurasa wa wiki huandikwa na watu wengi, basi akamfundisha mtoto kuuliza: nani ameandika, lini, na ushahidi wake ni upi? Maswali hayo hayafungwi na kampuni yoyote.

Hata hivyo hasara ilikuwapo, tusiifiche. Mwalimu aliyejenga kurasa za darasa kwa miaka mingi, asiwe na nakala, aliweza kupoteza kazi yote. Chombo cha bure ni nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba aweza kuibomoa.

5. Tufanye nini?

Tukitaka mkutubi wa shule yetu ajifunze, yafaa tuzingatie mambo haya.

Apewe muda. Mpango wa Charlotte haukudai siku nzima, bali wakati kidogo kila wiki. Mkuu wa shule asimhesabie mkutubi saa hiyo kuwa uvivu.

Achague kazi kwanza, chombo baadaye. Aulize, “Watoto wanahitaji nini?” Kisha atafute kinachofaa.

Asijifunze peke yake. Watu wawili wakisaidiana husonga mbele upesi. Na mwanafunzi ajuaye zaidi aombwe aonyeshe. Mkutubi hashushwi cheo kwa kuuliza.

Aweke nakala ya kila kazi muhimu mahali pengine, na nyingine kwenye karatasi ikiwezekana.

Shule isiyo na intaneti isikate tamaa. Iko programu iitwayo Kiwix, ambayo huiwezesha kompyuta kusoma Wikipedia iliyopakuliwa mahali pengine, bila mtandao. Wikipedia ya Kiswahili nayo ipo tangu mwaka 2003, na yeyote ajuaye jambo kwa hakika aweza kuongeza makala humo. Kwa njia hiyo mwanafunzi hatakuwa msomaji tu, atakuwa pia mwandishi anayewajibika kwa maneno yake.

Elimu haina mwisho. Mtoto amwonapo mkutubi wake, mtu mzima mwenye miwani, akijaribu jambo jipya, akikosea na kurudia, hujifunza kwamba kutojua si aibu. Fundisho hilo atakwenda nalo hata vyombo vya leo vitakapokuwa vimesahauliwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika shule iliyo karibu nawe, nani huwasaidia watoto kupima habari wanazozipata katika intaneti?

2. Ni aibu gani inayowazuia watu wazima kujifunza vyombo vipya? Yawezaje kuondolewa?

3. Taja chombo kimoja unachokitegemea leo. Kikifungwa kesho, utabaki na nini?

4. Kamati ya shule yaweza kumpa mkutubi muda gani kwa wiki ili ajifunze?