Saa moja kwa wiki

Vijana wetu wengi hulala na simu mkononi. Nasi tulio katika malezi tusijitoe: likizoni, ambako hakuna kengele ya seminari, simu hututawala vilevile.

Mtakatifu Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milano, akafariki 2006 akiwa na miaka 15. Alipenda michezo ya video, ila kwa kuogopa isimtawale alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki. Kompyuta hakuichukia; aliitumia kutengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi.

Tuangalie neno hilo: alijiwekea. Mzazi akimnyang'anya kijana simu, kijana ataazima ya rafiki. Lakini akiulizwa, "Wewe mwenyewe unaona saa ngapi zinakutosha?", ataanza kujipima, na hapo dhamiri inafanya kazi. Akishindwa siku ya tatu (na wengi tunashindwa), asigombezwe, apange upya. Wazazi na makatekista wataje kwanza kikomo chao wenyewe, mbele ya watoto.

Sisi likizo hii tumekubaliana: baada ya sala ya usiku, simu inabaki sebuleni.