Buibui Mrukaji: Mpige Picha Akiwa Hai

Mwaka jana nikiwa field, nilitakiwa kuwafundisha kidato cha pili habari za buibui katika Baiolojia. Shule haikuwa na hadubini. Nikawaza: simu ninayo, na lenzi ndogo ya kubana kwenye kamera nilishanunua kwa hela ya bumu. Si inatosha?

Inatosha, ila nilianza vibaya. Nilimkamata buibui mrukaji ukutani, nikamtia kwenye friza dakika chache ili atulie, usingizi ukanipitia. Asubuhi nikampiga picha. Ilitoka safi mno, hadi vinyweleo vinahesabika. Darasani binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona miguu imejikunja? Amekufa?" Nikamjibu amepumzika. Nilidanganya.

Swali lake ndilo lilikuwa somo lenyewe. Kwenye maungio makubwa ya miguu, buibui hana misuli ya kunyooshea. Hunyoosha miguu kwa shinikizo la majimaji ya mwili. Akifa, shinikizo linaisha, miguu inajikunja. Na mrukaji huruka kwa shinikizo hilohilo. Kwa hiyo picha yangu safi ilikuwa imeua kile nilichotaka kufundisha.

Sasa nafanya hivi.

Kwanza, namfuata alipo. Huyu hategi utando, huwinda mchana kwa macho. Mtafute asubuhi kwenye kuta na majani yenye jua. Sogea taratibu, kivuli chako kisimfunike.

Pili, nalenga macho. Anayo manane, na mawili ya mbele ni makubwa kama taa za gari. Ukiwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba sana, basi iwe hapo. Shusha simu usawa wa uso wake. Mara nyingi atageuka mwenyewe akutazame.

Tatu, mwanga. Taa ya simu humtia madoa meupe. Shika karatasi nyeupe upande wa kivuli, imrudishie mwanga wa jua.

Nne, piga nyingi. Ukipata moja nzuri kati ya hamsini, shukuru.

Ukimwacha hai utaona mambo. Kando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, yuko Evarcha culicivora mwenye uso mwekundu, anayependa kuwinda mbu walioshiba damu. Huko Australia, dume wa Maratus hunyanyua tumbo lenye rangi kama tausi, akacheza mbele ya jike. Aliyekufa hachezi.

Wiki ya mwisho nilirudi darasani na picha nyingine. Mguu mmoja una ukungu, lakini macho yanatazama. Nikawaeleza habari ya shinikizo, na ukweli wa ile ya kwanza.

Yule binti akauliza, "Kwa hiyo ulimuua wewe, mwalimu?"

Nikasema ndiyo. Akaandika kwenye daftari.